Mgeni Asiyebisha Hodi

Nikienda nyumbani Kwedizinga, wilayani Handeni, swali la kwanza baada ya salamu huwa hili: "Hivi mwenzetu, kazi yako hasa ni ipi?" Wazee wetu wanaijua kazi ya mwalimu, ya mganga wa zahanati, ya karani wa shamba la mkonge na ya dereva wa basi. Wakisikia kwamba nimeajiriwa na kampuni ya magazeti huko Dar es Salaam, hudhani kuwa mimi ni mwandishi wa habari, na wengine hungoja kuisikia sauti yangu redioni. Mimi si mwandishi wa habari. Wala si fundi wa simu, ingawa kila nifikapo huletewa mbili tatu zilizokufa nizitazame.

Kazi yangu ni kutengeneza sura ya mbele ya tovuti ya gazeti, hasa zile sehemu za matangazo ya biashara. Huu ni mwaka wa tisa. Mpenzi msomaji, nimeona niwaeleze kazi hii kwa sababu mbili. Kwanza, vijana wetu wengi siku hizi wanaingia katika kazi za namna hii, nasi wazazi hatujui la kuwauliza. Pili, kazi yetu inaingia nyumbani mwenu kila siku kupitia simu zilizomo mikononi mwenu, na ni haki ya mwenye nyumba kujua mgeni amepitia mlango gani.

KAZI YENYEWE

Tovuti ya gazeti ni kama nyumba. Wako wajenzi wanaoshughulika na uani: ghala la habari, kumbukumbu za picha, mahesabu. Kazi yao ni kubwa lakini msomaji haioni. Halafu tupo sisi wa barazani. Sisi ndio tunaopanga ukubwa wa herufi, rangi, mahali pa picha, vitufe vya kubofya, na namna ukurasa unavyojikunja hadi ukaenea katika kioo kidogo cha simu. Tunatumia lugha tatu za kompyuta. HTML huweka vitu mahali pake: hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hii ni picha. CSS huvivisha vitu hivyo rangi na vipimo. JavaScript huvifanya vitende kazi, vifunguke na vifungwe.

Ndani ya ukurasa huo mna viwanja vilivyotengwa kwa matangazo. Kuna kiwanja cha nukta 320 kwa 50, ambacho ni ule mkanda mwembamba mnaouona juu au chini ya kioo cha simu. Kuna cha nukta 300 kwa 250, yaani kile kisanduku kinachokaa katikati ya habari. Vipimo hivi vinatumika dunia nzima, ndiyo maana tangazo la sabuni lililotengenezwa Nairobi laweza kukaa katika ukurasa wa Dar es Salaam bila kukatwa pindo. Mimi ndiye ninayetenga kiwanja, ninayepanga tangazo lifunguke wakati gani, lifungwe kwa namna gani, na litambulishwe kwa neno gani.

Baadhi ya viwanja hujazwa na maofisa masoko wetu, wanaozunguka mjini kutafuta wateja: benki, chuo, kiwanda, duka la vifaa vya ujenzi. Vilivyobaki hupigwa mnada. Ukibofya kichwa cha habari, simu yako hupeleka ujumbe kwamba msomaji amefika, yuko nchi gani, anatumia simu ya aina gani, na mara nyingi hata mambo ambayo amewahi kuyatazama. Papo hapo mawakala wa matangazo hushindana kwa bei, kama wanunuzi wanavyoshindania gunia la mahindi gulioni, na aliyetaja bei kubwa ndiye anayeingia. Mnada huo huanza na kwisha kwa muda wa kupepesa jicho tu. Malipo huhesabiwa kwa kila mara elfu moja ambazo tangazo limeonekana, au kwa kila mara lilipobofywa.

Fedha hizo si haramu. Ndizo zinazolipa mshahara wa mwandishi aliyekwenda kijijini kuuliza habari, na wa mpiga picha, na wangu. Habari nyingi mnazosoma bure mtandaoni, bure hiyo kuna mtu ameilipia. Kwa hiyo sisemi hapa kwamba tangazo ni baya. Nasema kwamba tangazo ni mgeni, na mgeni ana adabu zake.

MATANGAZO YA ZAMANI

Upande wetu wa Tanga si mgeni katika mambo ya magazeti. Baada ya Msimulizi, lililoanza kuchapwa na wamisionari wa UMCA huko Zanzibar mwaka 1888, lilifuata Habari za Mwezi, lililotoka misheni ya Magila, Muheza, katika miaka ya 1890. Mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa Wajerumani, gazeti la Kiongozi lilitoka Tanga mjini. Mwaka 1923, wakati wa Waingereza, likaanza Mambo Leo huko Dar es Salaam. Watu wetu wamezoea karatasi yenye habari za mbali kwa zaidi ya miaka mia moja.

Nilipokuwa mtoto, gazeti lilitufikia likiwa na siku zake mbili au tatu. Lilitoka Dar es Salaam kwa basi, likateremshwa Segera penye njia panda, na kutoka hapo likaletwa na yeyote anayekuja upande wetu. Baba alikuwa karani katika shamba la mkonge. Alilisoma yeye kwanza, kisha baba mkubwa, kisha mwalimu jirani, na mwisho wake lilifungia maandazi. Nakumbuka matangazo yake kuliko habari zake, kwa maana baba alitusomesha kwa matangazo hayo: tanzia, zabuni, nafasi za kazi, mashine za kusaga. "Soma hapa, wanataka mtu wa sifa gani?" angeuliza.

Tangazo lile lilikaa mahali pake. Halikumrukia baba usoni alipokuwa akisoma habari nyingine. Halikujifanya kuwa habari. Na jambo kubwa kuliko yote, halikumdai senti hata moja zaidi ya bei aliyokwisha kulipia gazeti. Lilikuja kwa nauli yake lenyewe.

Mambo yalianza kubadilika mbali na hapa. Tarehe 27 Oktoba 1994, jarida la mtandaoni la HotWired huko Marekani lilianza kuonyesha matangazo ya kubofya juu ya kurasa zake, na mmojawapo wa wateja wa kwanza alikuwa kampuni ya simu ya AT&T. Kwetu sisi mtandao ulikuwa bado ghali na wa polepole, hata mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwezi Julai 2009. Ndipo intaneti ilipoanza kushuka bei, simu janja zikafuata, na gazeti ambalo zamani lilingojwa Segera likaanza kufika Kwedizinga dakika ile ile linapotolewa. Tangazo nalo likaja pamoja nalo, ila sasa limejifunza tabia nyingine.

MIEZI MITATU KWEDIZINGA

Mwaka 2024 mama yangu alianguka kisimani akavunjika mguu. Niliomba ruhusa ofisini nifanye kazi nikiwa nyumbani ili nimuuguze, nikakubaliwa. Kwa miezi mitatu nililala chumba kile nilichokulia, nikala bada kwa mchunga, na mchana nikafungua kompyuta kwenye kona ya baraza ambako mtandao hushika vizuri.

Katika miezi hiyo niliona jambo ambalo ofisini huwa hatulioni. Kule mjini tunajaribu kurasa zetu kwa simu nzuri na mtandao wa ofisi usio na kikomo. Hapa nyumbani nilikaa pembeni ya wasomaji wenyewe, nikawaona wakisoma.

Siku moja mama mdogo alisikia redioni kwamba Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ananunua mahindi. Alikuwa na magunia sita ndani, na mchuuzi alikuwa amemtajia bei ya kumwonea. Akanunua bando dogo, la kutosha kutazama mara moja, akafungua tovuti mojawapo ya habari ili aijue bei. Ukurasa ukafunguka nusu. Juu pakatokea picha ya gari, chini mkanda wa benki, katikati video iliyoanza kuimba yenyewe. Alipoona maneno "endelea kusoma" akayagusa kwa kidole, lakini sekunde ile ile tangazo jingine likashuka kutoka juu, maneno yakasukumwa chini, na kidole chake kikaangukia kwenye tangazo. Akapelekwa ukurasa mwingine asioujua. Aliporudi, ujumbe ukaingia kuwa bando lake limekwisha.

"Mwanangu," akaniambia, "hiki kisimu kimekula hela kabla sijafika kwenye bei."

Nilimfungulia habari ile kwa kompyuta yangu, akaipata bei. Kisha nikaupima ukurasa kwa vyombo vyetu vya kazi. Habari yenyewe ilikuwa na maneno kama 500. Maneno 500 ya Kiswahili ni herufi elfu tatu na kitu, hata KB 4 hazifiki. Ukurasa mzima ulikuwa umepita MB 4. Yaani kwa kila shilingi moja ya bando iliyoleta habari, shilingi zaidi ya elfu moja zilikwenda kwa picha, video na zile programu ndogo zinazoendesha mnada niliousimulia hapo juu. Mama mdogo ndiye aliyelipa nauli ya wageni wote wale, na hakuna hata mmoja aliyepiga hodi.

Na kile kidole kilichoangukia kwenye tangazo kilihesabiwa kuwa ni kidole cha mtu aliyependa kununua gari.

Akina mama wenzangu, kuruka huko kwa ukurasa si bahati mbaya tu. Hutokea kwa sababu mjenzi hakutenga kiwanja cha tangazo mapema. Maneno yanakuja kwanza, tangazo linachelewa mnadani, na linapofika linajisukumia nafasi. Dawa yake ni ndogo: kutaja urefu wa kiwanja tangu mwanzo, ili hata tangazo likichelewa, nafasi yake iwe inalingoja na maneno yasiondoke mahali pake. Ni mstari mmoja au miwili ya CSS.

La pili niliona lilikuwa zito zaidi. Jirani yetu, mjane mwenye watoto wanne, alikuwa akisoma habari za mitihani. Chini ya habari pakawa na kitufe kikubwa cha kijani kilichoandikwa "ENDELEA". Akadhani ni habari inaendelea. Kumbe ni tangazo la programu ya mikopo. Akaambiwa anaweza kupata fedha mara moja bila dhamana, na siku ile alikuwa na deni la sare za shule. Akakubali kila alichoulizwa, pamoja na kuiruhusu programu isome namba zote zilizomo katika simu yake. Alipewa pungufu ya kile alichoomba, akatakiwa arudishe zaidi ndani ya siku chache. Aliposhindwa, walianza kuwapigia simu watu wote aliokuwa na namba zao: kaka zake, mwalimu mkuu, mwinjilisti, hata mnunuzi wake wa machungwa wa Korogwe, wakiwaambia kwamba huyu mama ni tapeli. Kwa majuma mawili hakuja kanisani kwa aibu.

Hakuwa peke yake. Mwezi Novemba mwaka huo huo Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Lakini orodha ilipotoka, mama yule alikuwa amekwisha kuuza mbuzi wake wawili.

Usiku ule nilikaa nikifikiri. Mwenye kukopesha kwa hila ana hatia yake. Lakini kitufe kile cha kijani kilichofanana na kitufe cha habari, kiliwekwa pale na mtu. Ni mtu mwenye kazi kama yangu, pengine ana mama kijijini kama mimi.

MAMA WAWILI OFISINI

Mama alipoweza kutembea kwa mkongojo nilirudi Dar es Salaam. Haukupita mwezi, ofisa masoko mmoja wa idara yetu akaniletea kazi. Mteja mkubwa alitaka tangazo la kufunika kioo kizima. Alama ya X ya kulifungia isionekane hadi zipite sekunde kadhaa, tena iwe ndogo pembeni. Na ndani ya picha ichorwe X nyingine, kubwa, ya uongo, ambayo msomaji akiigusa ili afunge, atakuwa amebofya tangazo.

Nikamwambia kwamba tangazo nitalitengeneza, lakini X ya uongo sitaichora.

Huyu dada ni rafiki yangu. Naye ni mama wa watoto watatu, na hulipwa kamisheni kwa kila mkataba anaofunga. Akaniambia bila kuficha: "Mwenzangu, wewe mshahara wako unaingia mwisho wa mwezi, tangazo liwepo lisiwepo. Mimi mkataba huu ukivunjika, ada ya mwanangu naitoa wapi?"

Sikuwa na jibu rahisi. Ni kweli dhamiri yangu ilikuwa inalipiwa na mfuko wake. Nawaambieni hili kwa sababu mara nyingi tukisimulia habari za uaminifu kazini, tunasimulia kana kwamba gharama ni yetu wenyewe tu. Mara nyingine gharama inamwangukia mtu wa meza ya pili.

Tulikwenda wote wawili kwa mkuu wa idara. Mimi nilieleza habari ya mama mdogo na ya jirani yangu. Nilijua pia kwamba machozi peke yake hayabadilishi hesabu za kampuni, nikaleta na mambo ya kazi. Tangu tarehe 9 Julai 2019, kivinjari cha Chrome kimekuwa kikizuia matangazo katika tovuti za dunia nzima zinazorudia kuwaudhi wasomaji kwa matangazo ya namna fulani, kama vile yale yanayochomoza na kuziba ukurasa, na video zinazoanza kupiga kelele zenyewe. Na tangu mwaka 2021 Google inapopanga tovuti ipi itangulie katika majibu ya utafutaji, hutazama pia kama ukurasa unaruka-ruka wakati wa kufunguka. Kwa hiyo tovuti yenye hila hupata bofyo za leo ikapoteza wasomaji wa kesho. Mithali imekwisha kukemea mizani ya hila tangu zamani, na X ya uongo ni mizani ya hila iliyowekwa kiooni badala ya dukani.

Mkuu alifikiri kwa siku mbili. Kisha akaamua mambo matatu: kila kiwanja kitatengwa mapema, kila tangazo litaandikwa neno TANGAZO kwa herufi zinazosomeka, na alama ya kufungia itakuwa moja tu, ya kweli, yenye upana wa nukta 48, inayotosha kidole gumba cha mtu anayelima. Jambo la nne niliomba nikapata nusu. Niliomba matangazo ya kubeti yaondolewe kabisa. Yaliondolewa katika kurasa za matokeo ya mitihani na za watoto. Katika kurasa za michezo yamebaki mpaka leo. Sheria yetu hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza, lakini kijana wa miaka 15 huzisoma habari za mpira kama baba yake.

Mteja yule aliondoka. Mwezi ule rafiki yangu alipata kamisheni ndogo, nami niliona uzito wake kila alipopita mezani kwangu. Jioni kadhaa tulibaki ofisini pamoja. Nilimtengenezea mifano ya matangazo mepesi, yasiyozidi KB 100, yanayofunguka upesi hata penye mtandao dhaifu, ili apate kitu cha kuwaonyesha wateja wanaouza kwa watu wa vijijini. Akampata muuza mbegu mmoja, kisha chuo kimoja cha ufundi. Fedha zake hazikufika zile za mteja aliyeondoka. Ada ililipwa kwa awamu. Tungali marafiki, ingawa kwa muda fulani tulisalimiana kwa uangalifu.

MAMBO YA KUANGALIA NYUMBANI

Msomaji mpendwa, wajenzi wote hawatabadilika kwa siku moja. Kwa hiyo wewe uliye nyumbani uwe na haya:

1. Tafuta neno "Tangazo" au "Imedhaminiwa", au neno la Kiingereza lenye maana hiyo. Mara nyingi huandikwa dogo, pembeni, kwa rangi hafifu. Ukiliona, ujue kwamba kilicho mbele yako kimelipiwa, hata kama kimeandikwa mfano wa habari.

2. Ukurasa ukifunguka, usiuguse mara moja. Ungoja sekunde mbili tatu utulie. Kitufe kikubwa chenye rangi kali, kinachokuharakisha, kitilie mashaka.

3. Usitoe namba ya siri ya akaunti yako ya simu kwa mtu au programu yoyote iliyokuijia kwa njia ya tangazo. Programu ya mikopo ikitaka kusoma namba za watu walio katika simu yako, ikatae. Uliza kwanza kama ina leseni ya Benki Kuu.

4. Simu nyingi zina mahali pa kuokoa data katika mipangilio yake. Mwombe kijana wako akuwekee, na azime video zinazojicheza zenyewe. Kivinjari cha Opera Mini nacho hubana kurasa na kupunguza gharama.

5. Ujue kwamba habari zako ni mali yako. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na iko Tume inayopokea malalamiko ya wananchi.

6. Kaa na watoto mara moja moja wanapotazama simu, mkatafute pamoja ni wapi habari inaishia na tangazo linaanzia. Wanangu wameufanya mchezo, na sasa wananishinda.

KWA BINTI ANAYEITAMANI KAZI HII

Wasichana wengi huniuliza kama kazi hii ni ngumu. Haihitaji mtu aliyezaliwa na akili za ajabu. JavaScript yenyewe iliandikwa mara ya kwanza mwaka 1995 na Brendan Eich kwa muda wa siku kumi hivi, na mapungufu yake tunayafanyia kazi hadi leo. Inahitaji subira ya mtu anayesuka mkeka: ukikosea ukili mmoja, unafumua unarudia. Unaweza kuanza kwa kompyuta ya kuazima. Jenga ukurasa mmoja wa kanisa lenu, au wa duka la shangazi, uone jinsi unavyofunguka katika simu ya bei ndogo kuliko zote hapo kijijini. Hiyo ndiyo shule. Saa za kazi hazina utaratibu mzuri, hasa wakati wa uchaguzi na majuma ya kuelekea Krismasi, ambapo wauzaji wote hutaka viwanja kwa pamoja. Mwenye watoto wadogo apange mapema na mwenzi wake.

Na ninyi wazazi, msitosheke kusikia kwamba mtoto amepata kazi ya kompyuta mjini na anatuma fedha. Akija likizo, mpeni kiti, mmwulize: "Kitu unachokijenga kinamfikiaje mama mwenye bando la siku moja hapa kwetu? Kinamlipisha nini? Kinamwambia kweli?" Mimi niliulizwa hivyo na mama yangu, mguu wake ukiwa bado kwenye plasta, na mpaka leo swali hilo nalibeba kila asubuhi nikiifungua kompyuta.